Mkeka wa Injini

Hebu niambie, mwenzangu, wewe ushawahi kwenda msibani ukainuka na oili kwenye kanga? Kwetu Mingoyo, nilipokuwa mtoto, wanawake wa mtaa mzima waliinuka nayo, na hakuna aliyekasirika. Nilikuwa nimeshasahau. Juzi ndiyo nimekumbuka, kwa sababu ya harufu.

Siku hizi nakaa Kiswere, ndiko nilikoolewa nikabakia. Juzi natoka shamba na kisamvu changu kichwani, nafika kwenye kona ya nyumba, pua inaniambia mafuta ya taa. Si ya kibatari, maana kibatari nani anacho sasa. Ni mafuta ya taa yaliyochanganyika na oili iliyoungua na chuma. Nikasimama pale pale na kisamvu changu. Ilikuwa kama mtu kaniita kwa jina langu la utotoni.

Nazunguka uani, namkuta mjukuu wangu. Huyu wa kike, aliyejifunza ufundi wa magari, anashinda gereji huko Lindi. Kavaa ovaroli, kilemba kichwani, kashusha injini ya lile pikapu bovu alilolikokota hapa tangu kabla ya mfungo. Akaniamkia. Nikamwambia marahaba, mke mwenzangu, umeua nini hapa uani kwangu? Akacheka, akasema inakula oili, ikitembea nyuma huoni mtu kwa moshi, kwa hiyo anaifungua yote mpaka chini, anabadilisha ringi za pistoni, anaifunga upya. Turubai lake limechanika, eti mimi sina kitu cha kutandika? Nikaingia ndani nikamtolea mkeka. Mkeka upi, nitakwambia.

Basi nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua kisamvu huku namtazama. Kila chuma anachokitoa anakipiga picha kwa simu. Anakipangusa, anakilaza, paa, picha. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi simu ndiyo inayokumbuka. Baba yangu alikumbuka kwa mkeka.

Baba alikuwa mchuuzi wa ng'onda. Ananunua samaki pwani, akishakaushwa anampandisha Mtama, kurudi kaja na karanga na makopa ya muhogo. Gari lake lilikuwa pikapu la zamani, la rangi ya samawati ukilikuta chini ya vumbi. Sisi watoto wake tulinuka ng'onda mpaka chuoni, mwalimu wa Kurani akawa anatukalisha karibu na dirisha. Sasa lile gari likazeeka. Likawa linakula oili kuliko sisi tulivyokula nazi. Likifika kwenye mpando, abiria wanashuka wanalisukuma, na wao ndio waliolipa nauli.

Baba angeliacha hivyo hivyo, maana alilizoea. Lakini ikaja habari kutoka Mtama. Bibi yangu, mama yake baba, tulikuwa tunakaa naye, na mdogo wake alikuwa kaolewa Mtama. Wachuuzi wakaleta salamu kwamba mdogo mtu hali yake si nzuri, anakunywa uji tu, na kila akizinduka anamuulizia dada yake. Bibi miguu ilishavimba, malori ya korosho hayapandiki, mabasi hayaaminiki. Kwenda kwake ni kukaa kiti cha mbele cha gari la mwanawe, basi. Akamwambia baba, "Mwanangu, nataka nimkute anasema." Akafunga furushi lake, kanga mbili na ng'onda wa kupeleka, akaliweka nyuma ya mlango. Likakaa pale, paka wanalizunguka.

Baba akaamua kuifungua injini. Hakuwa fundi. Ujanani alikuwa utingo wa lori, alijifunza kwa kutazama mgongo wa dereva. Siku ya kuishusha wakaja wanaume baada ya sala ya alasiri, wakasimamisha boriti za mikoko, wakafunga mnyororo, bismillahi, ikanyanyuka inaning'inia kama mbuzi. Mama akawapikia ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi, nazi nilikuna mimi. Uani kulikuwa na upepo na mchanga, basi injini ikaingizwa ndani, sebuleni.

Mama alikuwa na mkeka mpana wa ukindu. Alisuka ukili wake masika nzima, mimi pembeni namchania majani, akautia mistari ya zambarau na nyekundu. Baba akautandika huo huo bila kuuliza. Mama anatoka jikoni, anakuta chuma kikubwa kimelala juu ya mkeka wake mpya kama mgonjwa. Akamtazama baba, akamtazama bibi, akarudi jikoni. Si injini ya kumpeleka mkwewe? Angesema nini?

Na baba alikuwa na mpango. Alipoifungua, gamba lake zito akalisukumia ukutani, vilivyobaki akavilaza mkekani. Mstari wa kwanza wa mkeka, silinda ya kwanza: pistoni yake, valvu zake, fito zake, na vifuniko vyake vya chini. Mstari wa pili, ya pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa mkeka, vyuma vimekaa safu kama watu wanaosali. Alisema kila chuma kimezoeana na mwenzake miaka yote hiyo, ukikihamisha nyumba kinaanza ugomvi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Kuku akiingia sebuleni, nasimama naye. Vyuma vikabaki vinavuja oili pole pole, baba akaenda Lindi kutafuta ringi.

Akiwa Lindi, mzee jirani akafariki. Mzee wa kahawa, tulikuwa tunasikia vikombe vyake vinagongana kabla hatujamwona. Na wewe si unajua ilivyokuwa. Mtu akifa, mikeka inatoka. Hakuna anayeombwa, wanapita wasichana nyumba hadi nyumba, unawapa wanajitwika. Mama akatoa wa chumbani, akatoa wa bibi. Wasichana wakarudi, watu wamejaa, wengine wamekaa mchangani. Mama akasimama mlangoni anautazama ule wa sebuleni. Bibi akamwambia subiri mumeo arudi. Mama akasema, "Nitawaambia nini, mama? Kwamba mkeka umelaliwa na gari?"

Akachukua masinia yetu na beseni la kufulia. Chuma kimoja kimoja akakitoa kwa adabu kabisa, akakipangusa, akakiweka. Lakini sinia halina mistari. Valvu zikalala na valvu, fito na fito. Mkeka ukaenda msibani.

Baba karudi na ringi zake zimefungwa kwenye gazeti. Akaingia, akasimama. Namwona mpaka leo, kasimama mbele ya beseni lile. Akauliza mkeka uko wapi. Mama akamwambia kwa jirani, mzee wa kahawa hatunaye. Baba akaweka gazeti juu ya kabati, akachukua jembe, akaenda kuchimba kaburi na wenzake. Hapo ndipo ilipoishia kelele yake yote.

Lakini aliporudi, kila akikaa mbele ya yale masinia anashika chuma, anakigeuza, anakirudisha. Havikuwa na alama vile. Bibi yuko kwenye kiti chake, furushi nyuma ya mlango. Baba akasema ataanza kubahatisha. Bibi akamuuliza ukikosea itafika Mtama? Akasema labda itafika njiani.

Sasa mama anarudi kutoka msibani kuja kuchukua chumvi. Kageuka, na kwa nyuma, pale anapokalia, kanga yake ina duara jeusi, limekaa vizuri kama limechorwa. Baba akaliona. Akanyanyuka na pistoni mkononi, akainama nyuma ya mkewe, akailinganisha na lile duara. Ikaingia sawasawa. Mama akasema, "Mwanaume ona haya, mama yako anakutazama." Baba hasikii. Anauliza, "Ulikaa mstari gani? Wa dirishani au wa mlangoni?"

Ndipo tukaelewa. Mkeka uliondoka na madoa yake yote. Kila chuma kilikuwa kimeacha kivuli chake pale kilipolala, na kwa kuwa kila kimoja kililika kivyake, hakuna vivuli viwili vilivyofanana. Ukiupata ule mkeka, umeipata injini.

Kuupata sasa. Uko chumba cha wanawake, baba haingii. Umekaliwa na wafiwa, unamwondoaje mfiwa juu ya mkeka? Na usipouomba, watu wakianua tanga, mikeka yote itapelekwa mtoni kuoshwa, maana hurudishi mkeka wa mtu na uchafu. Heshima ile ile iliyoutoa ndiyo ingeufuta. Mama akasema yeye haendi kuomba, bora gari lioze.

Bibi akasema, "Niitieni mtani."

Kulikuwa na mama mmoja, mtani wa ile nyumba yenye msiba, mnene, sauti kama tarumbeta. Siku ya maziko alijilaza mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka apewe kuku, na kuku akapewa. Mtani ndivyo alivyo, anayoyafanya yeye msibani ukiyafanya wewe watakufukuza. Bibi akamnong'oneza. Yule mama akafunga kanga kiunoni, akaenda, na mimi nyuma yake.

Kafika, kasimama katikati ya chumba. Akasema jamani, simameni mjitazame nyuma. Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakageuziana migongo. Huyu ana duara, huyu ana fimbo, huyu ana vidoadoa kama chui. Yule mama akasema, "Mzee wenu huyu maisha yake yote hakuwa na hata baiskeli, anatembea na birika lake. Leo kafa, kumbe kaondoka na gari, na nyinyi ndio abiria." Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajainua kichwa tangu asubuhi, akacheka mpaka akashika ukuta. Na wao wanacheka hivyo, mkeka ushakunjwa, uko kichwani kwa mtani, anatoka mbio anasema huu anaupeleka hospitali.

Baba akautandika. Akaanza kurudisha vyuma kwenye vivuli vyao, kama unavyomtafutia mtoto kiatu chake mlangoni pa msikiti. Vikaingia. Pengine doa limesuguliwa na watu kukaa, lakini ukitazama na jirani zake unaelewa. Mwisho likabaki doa moja kubwa, pembeni ya mstari mwekundu, halina mwenyewe. Baba akatafuta. Akainua kabati, akamwaga beseni, akanituma nikatazame wanakolala kuku. Akasema hapa kuna chuma kimepotea, na bila chuma hiki siifungi. Kutwa nzima anatafuta. Mama kaanza kulaumiwa, na yeye kaanza kujibu.

Bibi macho yake hayakuwa mazuri. Akaomba ashikwe mkono, akainama, akaweka pua kwenye lile doa. Akakaa hivyo. Akasema, "Hii kahawa. Ina tangawizi."

Msibani mtu alimwaga kikombe. Kahawa ya mzee wa kahawa, ndiyo baba alikuwa anaitafutia nati.

Injini ikafungwa, ikarudishwa garini, ikakohoa, ikawaka. Moshi ulikuwa mwembamba, unaona watu mpaka upande wa pili. Bibi alishakaa kiti cha mbele na furushi mapajani hata kabla baba hajanawa mikono. Mimi na mama nyuma, juu ya mkeka ule ule, maana mama alisema umeshakuwa wa gari. Mipando yote ilipandwa, hakuna aliyeshuka kusukuma.

Tulimkuta anasema. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba dada yake kachelewa, na cha pili, kwamba ile sufuria ya mama yao iliyopotea zamani anajua nani aliichukua. Wakagombana juu ya sufuria mpaka magharibi, wameshikana mikono. Tulipoondoka mama akaacha mkeka kule, mgonjwa aukalie nje akipata nguvu. Haikupita muda mrefu, ukatumika kwa msiba wake. Haukurudi, wala hatukuuliza.

Siku hizi mtu akifa, mwenye msiba anapiga simu, linakuja gari na viti vya plastiki na turubai. Unakaa peke yako kwenye kiti chako, safi, unainuka safi. Mikeka ipo, lakini hakuna msichana anayepita mlangoni. Mimi sisemi ni vibaya. Magoti yangu yenyewe yanapenda kiti.

Ila ule mkeka niliompa mjukuu juzi nimeusuka mwenyewe, vidole vilipokuwa bado vinakubali, nikautia mistari ya zambarau na nyekundu, nikauweka uvunguni. Wa siku yangu. Nilivyomaliza kumhadithia haya, kisamvu nacho kimekwisha, nikamwambia mkeka ule ni wa nini. Akataka kuutoa, mkono tayari uko kwenye pistoni. Nikamwambia uache, maliza kazi yako. Nataka kujua tu, siku hiyo ikikukuta umefungua injini ya mtu, utasema mkeka una kazi?

Akajifuta mikono kwenye ovaroli, akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi, siku hiyo vyuma nitavitoa mwenyewe, niviweke kwenye masinia," akasema. "Mkeka utatoka wa kwanza mtaa mzima. Na siuoshi. Watakuja na kanga zao nzuri, watakukalia tanga, na wote watainuka na oili."