Sera ya Mama Maswali

Vijana ndio waliompa jina la Mama Maswali, likamganda mpaka ofisini. Alikuwa afisa vijana wa baraza la mji, peke yake katika chumba chenye meza moja na feni inayozunguka ikijisikia. Kazi aliyoifia kabisa ilikuwa kuandika sera ya vijana ya mji, na si sera ya kuokoteza maneno matamu. Alisoma tafiti mpaka macho yakamtoka, zote zikawa zinamrudisha palepale: kijana mwenye pa kwenda jioni, na mtu mzima anayemwamini, ana nafuu kubwa. Mji ule pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, ukumbi mkongwe nyuma ya soko, ambao ulifungwa saa za ofisi zikiisha. Yaani vijana wanatoka kuhangaikia riziki, ndiyo kwanza wanafika, mlinzi anatia kufuli. Hebu niambie, huo ni ukumbi wa vijana au wa buibui?

Kwa hiyo rasimu yake nzima ilibeba jambo moja: ukumbi ubaki wa vijana, na ufunguliwe jioni. Watu wa stoo ya baraza walikuwa wameshautolea macho, wanataka pa kuwekea viti na mahema. Sera isipopita, ukumbi umekwenda.

Kamati ya baraza, iliyopaswa kuipitisha, nayo ilikuwa na kanuni yake, kwamba sera lazima isimame juu ya utafiti wa karibuni. Kanuni nzuri, nani ataipinga? Ila kamati yenyewe ilikutana kwa mbinde. Leo mwenyekiti yuko safarini, kesho wajumbe hawatimii, keshokutwa uchaguzi. Ikija kukaa, mwenyekiti anafunua rasimu, anaangalia tarehe, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, maana hakuwa mtu mbaya.

"Kazi nzuri, dada yangu. Lakini utafiti huu umeshapitwa na wakati. Nenda kauhuishe."

Basi Mama Maswali anabeba karatasi zake, anakwenda kukaa kwenye ngazi za ukumbi, anauliza upya. Vijana wanajibu yaleyale. Nyumbani mumewe, fundi friji, alizoea kumtania: "Hiyo sera yako bado haijaota ndevu?" Zamani walicheka pamoja. Siku za karibuni mke alikuwa anaendelea tu kuosha vyombo, na mume naye akaacha utani.

Aliporudishwa kwa mara nyingine, alikwenda ukumbini miguu mizito. Alimkuta msichana waliyemwita Spika, fundi simu, ambaye tangu utafiti wa kwanza ndiye aliyekuwa akiwasemea wenzake. Utafiti wa kwanza alikuja na sare za shule. Sasa alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mwanangu," Mama Maswali alianza, na aibu ikamshika kwenye swali lake mwenyewe, "mnataka baraza liwafanyie nini?"

Spika alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mama, kipi hatujakwambia? Andika kwamba hatutaki kuulizwa tena."

"Nikiandika hivyo watanirudisha."

"Basi andika ya zamani, ubadilishe tarehe."

Angeweza. Wallahi angeweza, na hakuna ambaye angejua. Lakini mtu yule alikuwa mgonjwa wa ukweli, hata pale ukweli ulipokuwa haumfai kitu. Akaandika alichoambiwa. Wenzake Spika nao, mmoja baada ya mwingine, wakasema: weka kama yeye. Akaweka. Chini akaeleza kwamba vijana wamechoka kuulizwa kwa sababu kila wakijibu hakuna kinachofanyika.

Safari hii kamati ikakaa haraka ajabu. Mwenyekiti alisoma, uso ukamchangamka.

"Haya sasa ndiyo matokeo mapya," alisema. "Vijana hawana wanachohitaji kutoka kwetu."

Mama Maswali akasimama. "Mheshimiwa, wamechoka kungoja. Ukumbi wanautaka. Nimeeleza hapo chini."

"Tumekuelewa, dada. Lakini tusiwasemee vijana. Wamesema wenyewe, na wewe ndiye uliyewaandika."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Alijaribu kusema tena, akaambiwa muda umekwisha. Sera ikapita kwa kauli moja, kipengele cha ukumbi kikiwa kimeondolewa na jina lake likiwa ukurasa wa mbele, na ukumbi ukapewa watu wa stoo kwa kuwa utafiti wa karibuni haukuonyesha uhitaji. Walimpigia makofi. Alikaa kwenye kiti chake hajui mikono aiweke wapi.

Alipopita ukumbini, vibarua walikuwa wanashusha mizigo mlangoni, vijana wamesimama kando wanawatazama. Spika akamfuata, mtoto amelala mgongoni.

"Mama, kwani uliwaambia nini?"

"Nimewaambia mlichosema," alijibu.