Karamu Iliyopigiwa Kura

Binti wa marehemu mdogo wangu alipotangaza kwamba atagombea uwakilishi wa wadi yetu, nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwalimu hodari na mtu wa haki. Ya pili, kungekuwa na kamati, na kamati ingehitaji mwenyekiti.

Nimekuwa mwenyekiti wa mazishi mengi hapa Bukhayo, wa harusi kadhaa, na wa kisima ambacho hakikuchimbwa. Sikuona ni nani mwingine angefaa.

Sheria ilimtaka aache kazi ya serikali kabla ya kugombea. Barua ya kujiuzulu aliiandikia mezani kwangu. Niliisoma, nikamsifu kwa mwandiko, nikamwambia aende akaipeleke bila wasiwasi. Baba yake angekuwa hai, labda angemuuliza atakula nini akishindwa. Mimi sikuuliza.

Katika wadi yetu kuna chama kimoja kinachopendwa. Anayepata tikiti yake kwenye mchujo huwa ameshachaguliwa, na Agosti, kwenye uchaguzi mkuu, tunakwenda kuthibitisha tu. Kila mtu analijua hilo. Hata hivyo, siku ya mchujo watu hubaki shambani wakisema uchaguzi wenyewe bado. Wanaitunza kura kama viatu vya Krismasi. Agosti ikifika wanajipanga tangu alfajiri, kisha wanalalamika kwamba wameletewa mtu asiyefaa.

Kamati yangu ilikutana mara sita. Mara zote sita tulizungumzia karamu ya ushindi: hema litoke Busia mjini, ng'ombe achinjwe mapema, na shemeji zetu wa ng'ambo ya mpaka walete matoke. Katika mkutano wa mwisho kijana mmoja aliuliza ni nani atawapeleka wapiga kura kituoni. Nilimwambia hilo halipo kwenye ajenda.

Asubuhi ya mchujo boma lilijaa watu. Wengine walichinja, wengine walifunga hema, na akina mama walisonga ugali wa wimbi. Mjane jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, alikuja kuniomba ruhusa. Alitaka awachukue wenzake waende kupiga kura mara moja kisha warudi.

"Mama, ukiondoka nani atageuza nyama?" nilimuuliza.

"Na nisipokwenda, mzee, nyama hii tunampikia nani?"

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kisha nikamrudisha jikoni. Nilimwambia watu wa wadi nzima ni wetu, na bila kura yake na za wenzake hatutapungukiwa na kitu.

Mgombea mpinzani hakuwa na hema. Alikuwa mtu mkimya, mwenye duka la mbolea, ambaye hotuba zake zililaza watoto. Lakini alikuwa na bodaboda nne, na tangu saa moja zilikuwa zikibeba vikongwe kutoka majumbani hadi kituoni. Tuliziona zikipita mbele ya lango letu. Nilitania kwamba jamaa amefungua biashara ya kusafirisha bibi za watu.

Saa nane binti yetu alinipigia simu. Alikuwa akizunguka vituoni, na sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema foleni ya malori ya kuingia Uganda ilikuwa ndefu kuliko foleni zote za kura alizoziona tangu asubuhi.

"Baba mkubwa, huko nyumbani mmepiga?"

"Tumepiga wote," nilimjibu.

Nilikusudia twende saa tisa, ili uongo uwe kweli kabla haujaota mizizi. Saa tisa mchungaji akafika na wageni wake. Kuna utaratibu wa kupokea wageni, na utaratibu huo niliuandika mimi. Nilipomaliza kuwatambulisha, saa kumi ilikuwa imepita na vituo vimefungwa.

Kuhesabu hakukuchukua muda, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Kabla ya giza habari zilitufikia: binti yetu ameshindwa kwa kura tisa. Chini ya hema walikuwa wameketi watu wazima zaidi ya arobaini.

Aliingia moja kwa moja chini ya hema. Nilitarajia alie, na nilikuwa na maneno ya kumtuliza. Hakulia. Alichukua jagi na beseni, akaanza kuwanawisha watu mikono, kama mtoto wa kike wa nyumbani anavyowanawisha wageni. Anayepiga kura huchovya kidole kwenye wino usiotoka kwa sabuni. Alipita mstari kwa mstari, akimimina maji taratibu juu ya vidole visivyo na doa, na hakumruka mtu. Mchungaji alikunja ngumi chini ya maji.

Mimi niliweka mikono mfukoni, nikasema sina njaa. Alisimama mbele yangu na jagi lake hadi nikaitoa.

"Kula, baba mkubwa," alisema. "Chakula kimepata kura nyingi."

Nilikula. Naona aibu kuandika kwamba nyama ilikuwa laini sana, na kwamba niliongezewa.

Shule yake ilikuwa imeshapewa mwalimu mwingine. Sasa anafundisha chekechea ya kulipia karibu na Malaba, kwa malipo ambayo hayatajwi mezani. Mwaka huu nilimfuata huko kukiri kwamba siku ile nilimdanganya kwenye simu. Alikuwa akichonga penseli za watoto, na hakuacha.

Alisema alijua pale pale. Nyuma ya sauti yangu aliwasikia wapishi wakibishana kuhusu chumvi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ametoka nyumbani.

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilidhani ukishanidanganya utaona haya, halafu utawachukua mwende."

Wakati huo zilikuwa zimebaki saa mbili nzima. Nilizitumia kupanga viti.