Siku Taa Zangu Zilipogeuka Mahari

Mke wangu alinipa wiki moja. "Watu wakija kuona hii vyuma yako, itabaki. Wasipokuja, yote itatoka mu nyumba yangu." Alisema hivyo ameshika kidole cha mguu, maana alikuwa amejikwaa tena kwenye pasi ya mkaa. Vyuma! Taa za mafuta, masanduku ya bati, mabeseni yenye maua, vitenge vya enzi za bibi zetu, vingine nilivifuata kwa pikipiki hadi Nyangwe, halafu mtu aniambie vyuma. Nilikasirika, ila nilijua hatanii.

Basi nikaandaa maonyesho uani kwetu, hapa Kasongo. Nikamtuma mtangazaji mwenye baiskeli na megafoni azunguke soko zima: vitu vya zamani, kutazama ni bure. Asubuhi nikafunga turubai, nikatandika mikeka, nikapanga vitenge juu ya masanduku, mabeseni mbele, taa pembeni. Viti nikaviweka mistari miwili inayotazamana, ili kila mtu aone vizuri. Nilijisifu sana kwa ule mpangilio. Mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa pale pale kwenye mpapai, sikumjali. Wapita njia walichungulia, wakatabasamu, wakaondoka mbio kuwaambia wenzao. Nikajua tangazo limefanya kazi.

Saa nane wakaja. Jamani, walijaa! Wanawake wakaingia na vigelegele, wakakaa upande mmoja. Wanaume upande wa pili. Hakuna aliyeuliza habari za taa. Mzee mmoja akamfungua mbuzi mdomo, akamkagua meno, akatikisa kichwa.

"Iko mudogo," akasema. "Na bibi-arusi iko wapi?"

Lo! Ndipo nilipoona kazi ya mikono yangu: mahari kamili, na mbuzi juu yake. Nikajaribu kueleza, nani anasikia? Shangazi wa mke wangu alishasimama, mikono kiunoni. "Unaongeza muke wa pili, na sisi ndugu zake hautuambie?"

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akautazama umati, akanitazama mimi, akayatazama mabeseni. Kisha akaweka mwiko chini, akajifunga kitenge kimoja cha maonyesho, tena kile nilichokipenda kuliko vyote, akaenda kukaa katikati.

"Bibi-arusi ni mimi," akasema. "Wakati ule aliniletea beseni moja, tena lenye tundu. Leo ameleta mengine."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shangazi akapokea vitu vyote kwa niaba ya ukoo, kimoja kimoja, akikiinua juu washangilie. Mbuzi naye akapokewa. Jirani ananinunia mpaka leo.

Basi hakuna kilichotoka nyumbani. Taa zimepangwa sebuleni, mke wangu anazifuta mwenyewe, na kila mgeni lazima asimuliwe habari ya siku ile. Nilifurahi mno, sifichi. Ila jana nilishika moja, nikitaka tu kusafisha kioo chake.

"Weye!" akaita kutoka jikoni. "Mahari yangu, umeomba ruhusa kwa nani?"

Nikairudisha mahali pake.