Kiraka cha Mume, Jina la Mke

Maaret alikuwa akicheka peke yake tangu asubuhi, tena kicheko cha kujiziba mdomo, maana mumewe, Tuukka, alikuwa upande wa pili wa meza hiyohiyo ya jikoni, na hakutakiwa kuambiwa kitu.

Wote wawili walikuwa mafundi wa kiini, ule moyo wa kompyuta unaoamrisha kila kitu kilichomo ndani yake. Kiini hicho hushonwa na watu wa dunia nzima, kila mmoja na kiraka chake, yaani kipande cha maandishi ya kurekebisha kasoro. Na mila yao ni kwamba neno lolote la kiraka lisemwe kwenye barua ya wazi inayosomwa na wote, si mezani wala kitandani. Kiraka kikipita, jina la aliyekikagua huandikwa chini yake, na halifutiki tena.

Wiki hiyo Maaret alikuwa amekabidhiwa ukaguzi wa sehemu inayolaza mashine na kuiamsha. Alitembea humo ndani kama mtoto aliyevikwa viatu vipya. Sasa kiraka cha kwanza kumfikia, katika viraka vyote vya dunia, kikawa cha Tuukka. Akipitisha kasoro, watu watasema kampendelea mumewe, na jina lake litakuwa limeoza siku lilipozaliwa.

Kiraka chenyewe kilikuwa kizuri. Kuna laptopu zilizokuwa zikilala ukizifunika, ukizifunua haziamki. Mojawapo ilikuwa ya Orvokki, mama yake Tuukka, ambaye Jumamosi huja kwao kuoga sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, na safari hii alikuja nayo kwapani. Tuukka aligundua kwamba mashine ikianza kuamka, kazi mbili hugombania kitu kimoja. Akaweka kufuli: kazi moja iingie, ifunge, imalize, ifungue, ndipo nyingine ipite.

Maaret alisoma huku akikubali kwa kichwa, mpaka akafika mahali akasimama. Kazi ikishafunga, huomba nafasi ya kumbukumbu. Ikinyimwa, huondoka zake. Na kufuli kafungua nani? Akarudia kwa kidole. Hakuna aliyefungua. Ilikuwa kama mtu aliyeingia chooni, akakuta hakuna karatasi, akatokea dirishani na kuuacha mlango umefungwa kwa ndani. Walio kwenye foleni watakesha. Kicheko kikamtoka puani.

"Unacheka nini?" Tuukka akauliza bila kuinua uso.

"Soma barua zako."

"Hujaniandikia barua."

"Basi sijacheka."

Orvokki, aliyekuwa akikatakata soseji nyeusi, akaguna. "Mimi na marehemu baba yako tulinuniana kipupwe kizima," akamwambia mwanawe, "lakini hatukufika kuandikiana barua meza moja."

Mawe ya sauna yalipopata moto Tuukka akaenda kuoga, anapiga mluzi. Ule mluzi ndio uliomchoma Maaret. Lango la toleo jipya la kiini lilikuwa linafungwa kesho yake, na kiraka kikichelewa kitangoja miezi. Akaenda hadi mlango wa sauna amnong'oneze tu, neno moja. Akainua mkono abishe, akaushusha. Akachungulia barazani, mtoto wao mchanga Kerttu alikolala ndani ya kigari chake katikati ya theluji, kama ilivyo desturi ya kwao, pua tu ndiyo inaonekana, nyekundu. Akarudi mezani, akaandika kwa adabu kama anayemwandikia mgeni: anashukuru kwa kiraka, ila kumbukumbu ikikosekana kufuli linabaki limefungwa, tafadhali rekebisha. Akaituma, kisha akakaa kama aliyetupa jiwe juu ya bati la jirani.

Simu ya Tuukka ikalia nje ya sauna. Mlango ukafunguka, mvuke ukatoka, na ndani ya mvuke mtu mwekundu kama kamba aliyechemshwa, taulo kiunoni. Akasoma. Kisu cha Orvokki kikasimama. Tuukka akaketi vilevile, anatiririka jasho, akaanza kuandika. Maaret akamtazama shingo, asijue kama ni hasira. Mara mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

Kiraka cha pili kikaja. Kufuli sasa lilifunguka, kumbukumbu ipatikane isipatikane. Maaret akakipakia kwenye laptopu ya Orvokki, akainyima kumbukumbu kusudi, akafunika, akafunua. Ikaamka. Akarudia mpaka mkwe wake akamwambia atang'oa bawaba.

Sasa, katika barua hizo kuna kimstari. Yaliyo juu yake huingia kwenye historia ya kiini. Ya chini ni porojo, huanguka yenyewe. Tuukka, jasho machoni, porojo lake aliliweka juu: "Mke wangu alikuwa sahihi. Sahani za wiki hii naosha mimi."

Ilibidi aambiwe. Maaret akamwambia kwenye barua ya wazi, pale panaposemwa mambo: "Maneno ya sahani yamekaa juu ya mstari. Yasishushwe. Nimeyakagua, ni kweli." Chini akatia jina lake.

Kahawa haijapoa, mlezi mkuu wa kiini alikuwa amekipokea kiraka na sahani zake. Fundi mmoja wa Korea akaandika kuuliza kama masufuria yamo.

"Dhahabu yangu," Tuukka akasema, "hii haifutiki."

"Haifutiki," Maaret akaitika, machozi ya kicheko yakimdondoka.

Barazani Kerttu akaamka, akalia. Maaret akaenda kumchukua, na aliporudi naye kifuani alimkuta Tuukka kwenye sinki, angali na taulo, povu hadi viwikoni, na Orvokki akimsogezea masufuria.