Mzee Aliyenichanganyia Rangi ya Chumba

Usiniambie niliota. Watu wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku wa manane, mbwa wanabweka, taa imezimika. Langu mimi lilitokea saa nane mchana, jua linawaka, nimesimama chumbani kwangu Pasiansi na brashi mkononi, nimekasirika. Mtu aliyekasirika haoti. Ukitaka kunicheka nicheke, lakini ningoje kwanza nimalize.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kujaa madukani. Kabla ya hapo, kupaka nyumba kulikuwa ni chokaa nyeupe, basi, na ukipata rangi nyingine unashukuru bila kuuliza ni rangi gani. Halafu likafunguliwa duka mjini lenye kadi za rangi, vipande vidogo vidogo vimepangwa kama stempu za posta. Siku ya kwanza nilisimama pale muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kusoma.

Nilikuwa natafuta rangi ya kumlaza mume wangu. Baba Neema alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kidogo cha mashuka, na kwa miezi minne alikuwa halali. Analala chali, macho darini, mpaka jogoo awike. Ukimuuliza kuna nini, anasema hakuna. Maziwa ya moto tulijaribu, mizizi tulichemsha, mchungaji alikuja akaomba. Kisha wiki moja akasinzia kazini amesimama, mkono wa shati ukanaswa na mashine. Alirudi nyumbani na shati limechanika mpaka begani, akaniambia lilikwama kwenye msumari. Mimi ni fundi wa kushona, najua mchaniko wa msumari ulivyo. Niliogopa kweli. Siku nyingine ungekuwa mkono wenyewe.

Nikajiambia labda ni zile kuta. Chumba chetu kilikuwa cheupe kama wodi, na taa ya jirani ikiingia dirishani, kuta zinaurudisha ule mwanga wote usoni kwake. Kwa hiyo nikachagua kwenye kadi manjano moja tamu, ya kiini cha yai, nikapaka mwenyewe siku nzima. Sasa niamini nikikwambia: kipande cha ukubwa wa kidole gumba ni kitu kimoja na ukuta ni kitu kingine. Baba Neema aliingia, akasimama katikati ya chumba, akasema kwa upole, "Mama Neema, chumba kinapiga kelele." Usiku ule hata kitandani hakupanda. Alikaa uani mpaka kukakucha.

Ndiyo maana kesho yake nilikuwa na hasira. Nilikuwa na nusu kopo ya ile manjano, na kopo la nyeupe nililonunua nifute aibu yangu. Nikasikia hodi.

Alikuwa mzee mfupi, koti la kaki lililofuliwa mpaka likapauka, na mikono yake ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mayo," akasema, kwa hiyo nikajua ni Msukuma. Mimi ni Mjita wa huko Musoma, lakini "mayo" naijua, ni mama. Akasema alifanya kazi na bwana wangu, chumba cha kutia nguo rangi. Akasema amesikia halali. Kisha akachungulia ule ukuta wangu.

"Hapa hata mimi nisingelala," akasema.

Nikacheka, na nikampenda papo hapo. Utaniuliza, wewe mwanamke unamkaribishaje mwanamume usiyemjua mpaka chumbani? Hata mimi najiuliza. Mlango niliuacha wazi, jirani yangu alikuwa anafua pale nje, na yule mzee aliomba ruhusa kabla ya kuvuka kizingiti. Neema naye, mwaka mmoja na nusu, mtoto aliyekuwa akimlilia hata mchungaji, alikwenda mpaka miguuni pake akalala usingizi. Hilo nililiona, nikalipita.

Akaniuliza kama nina bluu ya kufulia nguo nyeupe. Nikamletea. Akaomba na majivu ya jikoni, yaliyochekechwa kwa kitambaa. Hapo nikadhani ananitania.

"Nyeupe inamrudishia mtu mwanga machoni," akasema, anakoroga kwenye beseni langu. "Nyeusi inamfunika kama udongo. Mtu aliyechoka mpe ya katikati."

Alimimina nyeupe, akaweka ile manjano iliyonitia aibu, akaongeza bluu aliyoiyeyusha kwenye kikombe. Ikawa kijani cha kasuku, nikaguna. Akaniambia subiri. Akaanza kunyunyiza majivu, kidogo kidogo kwa ncha za vidole, na kila alipokoroga rangi ile ilizidi kutulia, kama mtoto unayempigapiga mgongoni. Kisha akapaka tone kwenye kipande cha gazeti, akakipeleka dirishani, akafumba jicho moja, akangoja. Nikasema mbona imeshakuwa nzuri. Akasema rangi mbichi ni mwongo, usiiamini mpaka ikauke. Aliongeza majivu mara mbili baada ya hapo. Na akaniagiza nichanganye yote kwa pamoja, kwa sababu ikiisha katikati ya ukuta hutaipata tena ile ile.

Nikwambie ilikuwa rangi gani? Si kijani, si bluu, si kijivu. Ilikuwa kama ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Tulipaka pamoja, mimi chini, yeye juu ya kiti, na hakuongea sana. Jasho langu lilikuwa linanitiririka, naye hata tone hakuwa nalo. Kila nilipomtazama nilihisi namwonea huruma, wala sijui huruma ya nini.

Tulipomaliza akaniuliza, "Analala upande gani?" Nikamwonyesha, upande wa ukutani. Akaweka kiganja pale penye usawa wa mto, taratibu, jinsi unavyompima mtoto homa. Akakiacha kwa muda. Kisha akasema, "Mwambie zamu imekwisha. Alale."

Nikaenda jikoni kumtengenezea chai. Niliporudi hapakuwa na mtu. Jirani yangu, mikono ndani ya povu, aliapa hakuona mtu akitoka, na tena akaniuliza nilikuwa naongea na nani mchana kutwa. Nikarudi chumbani kuangalia sakafu. Rangi ilikuwa imedondoka kila mahali, maana mimi si fundi wa kupaka, na nyayo zilikuwa zimejaa. Zote zilikuwa zangu.

Baba Neema alirudi jioni. Alifika mlangoni akasimama, akaushika ukuta kwa vidole viwili kama anavyokagua shuka kazini. Akauliza nani amechanganya hii rangi. Nikamweleza mzee mfupi, koti la kaki, mikono ya bluu. Akaketi kitandani.

"Alisema nini?"

Nikampa ujumbe kama nilivyopewa. Tulikuwa na miaka mitano ya ndoa na sikuwahi kumwona analia. Siku ile alilia kwa sauti, na mimi nikakaa chini nikamshika miguu.

Alikuwa Mzee Mabula. Ndiye aliyempokea mume wangu kiwandani akiwa kijana asiyejua lolote, akamfundisha. Kila zamu ikiisha alimgusa bega, akamwambia zamu imekwisha, nenda ukalale. Kisha ikaja ile habari ya kupunguza watu, na wasimamizi wakaambiwa kila mmoja aandike majina. Mume wangu aliandika jina la Mabula kwa mkono wake, akijiambia huyu ni mzee, atapumzika. Mzee akarudi kwao ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, na haikupita miezi mitatu akafa. Ujumbe wa msiba ulipokuja, Baba Neema alisema amekosa ruhusa kazini.

"Sikuiomba," akaniambia. "Nilijificha."

Nikahesabu kimoyomoyo. Msiba ule ulikuwa miezi minne iliyopita. Kumbe nilikuwa nimeshinda na marehemu, na nilimpa beseni langu la kunawia.

Lakini sikiliza hili. Kabla giza halijaingia vizuri, mume wangu alikuwa amelala, paji la uso limegusa ukuta. Alilala mpaka saa sita mchana wa kesho yake. Mimi nilikesha nikisikiliza pumzi zake, naogopa na huku nashukuru, sijui kipi kilizidi.

Jumamosi tulikwenda Kigongo tukavuka kwa pantoni, mtoto mgongoni. Mjane wa Mzee Mabula alitupokea bila maneno mengi. Baba Neema alipiga magoti akaanza kujieleza, mama yule akamkatiza. "Tulikungoja," akasema. "Mzee alipokuwa anaumwa alikuwa anauliza, yule kijana analala?" Akamshika mkono akampeleka kaburini, akamwachia atie udongo aliopaswa kuutia siku ile. Tulipokuwa tunarudi ndani, akaniinamia sikioni.

"Mikono ilikuwa bado ya bluu?"

Niamini, nilikuwa sijamwambia mtu yeyote pale habari za mikono. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Tuliiosha sana, ikakataa."

Tangu hapo imepita miaka mingi. Neema ana watoto wake. Chumba tumekipaka upya mara mbili, kwa rangi za dukani zenye majina marefu, na kila ikikauka, pale kwenye usawa wa mto kinatokea kiganja, bluu kwa mbali, vidole vitano. Tumeacha kushindana nacho. Baba Neema siku hizi anakoroma mpaka ananikera, na nikiamka kumsukuma namkuta ameweka kiganja chake juu ya kile. Basi namwacha akorome.

Sasa na wewe unayetafuta rangi ya chumba. Chukua ya katikati, ipake kidogo, ingoje ikauke ndipo uiamini. Hayo ni ya rangi. Lakini kabla hujaenda dukani, muulize anayelala humo ni msiba gani aliukwepa, na akikutajia, pandeni safari siku hiyo hiyo. Usingoje marehemu mwenyewe awafuate nyumbani. Mzee Mabula alikuwa mpole. Wa kwako mimi simjui.