Vizibo Kumi vya Huenda

Mtaani tulimwita Huenda, na sijaona jina la utani lililomkaa mtu vizuri namna ile. Alifanya kazi ofisi ya hali ya hewa. Tahadhari za mafuriko zilizoandikwa kitaalamu alizichukua, akawapelekea watu wa bondeni kwa lugha ya kueleweka. Kipaza sauti begani, mwavuli mbovu mkononi: "Huenda mto ukapanda, huenda usipande." Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mimi, mpangaji wa chumba cha pili, nilikereka tu. Mtu analipwa mshahara kwa kutojua?

Chumbani kwake kulikuwa na vitanda viwili. Cha pili alikitandika kila tahadhari ilipotoka, kwa ajili ya dada yake, fundi cherehani wa bondeni, ndugu pekee aliyebaki naye. Dada hakuwa akija.

Aliwahi kuja mara moja, mwaka jana. Huenda mwenyewe alikuwa amechoka kuchekwa, akaitupa ile huenda yake. "Leo mto unafurika. Ondoka." Dada akaondoka mbio. Mto haukusogea hata hatua, ila wezi walisogea, wakabeba cherehani. Tangu hapo dada hapokei simu ya Huenda, wala salamu yake haitikii. Jioni nilimsikia Huenda akila peke yake, kijiko na sahani basi. Mimi si mtu wa huruma nyepesi, lakini upweke ule uliniuma.

Ndipo akabuni mkebe. Ndani kuna vizibo kumi vya soda, vitatu vimepakwa masizi: mvua kama hii ikija mara kumi, mara tatu mto unaingia majumbani. Mkutanoni bondeni watu wakafumba macho, wakachota kimoja kimoja. Waliopata kizibo safi wakarudi kwao kulala, mioyo kwatu. Aliyepata cheusi akafunga virago huku akimlaani. Walikuwa wamegeuza mkebe bahati nasibu, kila mtu na mto wake. Nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Wiki hii tahadhari ikatoka tena. Mchana akanigongea. "Nisindikize kwa dada. Nikienda peke yangu hatafungua."

Alifungua kwa sababu yangu. Alikuwa akipinda gauni kwa mkono, sindano mdomoni, wala hakutupa kiti.

"Umekuja kunidanganya tena?"

"Sijui kama mto utapanda, dada. Hata mwaka jana sikujua. Nilijifanya najua."

Akamnyooshea mkebe. Dada akachota shingo upande. Kizibo safi.

"Haya, nimepona. Nendeni."

"Kirudishe, uchote tena."

Safi. Akarudisha, akachota, akarudisha, akianza kutabasamu kwa kejeli, mpaka kikatoka cheusi. Tabasamu likakatika.

"Kila nikikuita ni kuchota mara moja," Huenda alisema. "Kikiwa safi, utarudi hapa umechoka na umenikasirikia. Kikiwa cheusi, nataka uwe kwangu. Leo ni kipi, siwezi kukuambia. Cherehani yako tuliipoteza kwa sababu nilisema naweza."

Dada akarudia gauni lake. Tukapanda mlima kurudi kwetu, na Huenda akaketi mlangoni kuangalia njia.

Dada alikuja jua likizama, viatu vya mvua miguuni, furushi kichwani, mkasi na vitambaa vya wateja ndani yake. Walizungumza kidogo mno. Ukuta wetu mwembamba, ningesikia.

Asubuhi mto ulikuwa palepale. Nikatoka nje kungoja matusi, nakiri nilikuwa na hamu nayo. Dada alikunja shuka, akafunga furushi. Huenda alisimama kando, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri fimbo.

"Dada, unasahau kandambili zako chini ya kitanda."

"Sijasahau," alisema akivaa viatu. "Ni za mara nyingine."

Akashuka zake bondeni. Huenda akabaki peke yake chumbani, akakitandika kile kitanda upya.