Bango la Mfadhili

Afisa wa mfadhili huja kwenye makao yetu ya watoto hapa Ntcheu, Malawi, mara mbili kwa mwaka, na kila akija bango hutangulia salamu. Hulitundika ukutani mwenyewe, akipangusa vumbi ambalo halipo kwenye maandishi yake, "Mtoto Kwanza." Togwa tunayomkaribisha nayo haionji; huishika tu mpaka apigwe picha. Na ile sauti yake ya upole! Ni ya mtu anayembembeleza mbuzi aingie machinjioni.

Juzi afisa huyo alikuwepo Tamandani alipotukimbilia, msichana wa miaka kumi na miwili, katoroka kwa mzee aliyemwoa, nyayo zinavuja damu. Mama Nasibeko, mlezi wetu, akainuka kumletea maji.

"Maji baadaye, mama. Kwanza asimame hapa bangoni." Alipoinua kamera akashtuka. "Lo, sura isionekane! Sera yetu ya kulinda watoto hairuhusu. Mgeuzeni."

"Wewe unamlinda au unamwanika?" Mama Nasibeko akamuuliza.

"Mama, bila picha hakuna ufadhili."

Tukamgeuza, sisi wenyewe, kwa mikono yetu hii. Tamandani akaelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, akafunga mikono nyuma, akauliza taratibu:

"Nimekosa nini?"